Mama wa Kambo Asiye na Mvi

Mwalimu aliandika sentensi moja ubaoni, akajipangusa vumbi la chaki kwenye kitenge, akasogea pembeni ili watoto wa nyuma waione: Mtoto mmoja aliishi na mama wa kambo.

Hakuuliza kama kuna neno gumu. Hakuna ambaye angenyoosha mkono. Hapa Likasi, nchini Kongo, kambo ni mzazi wa mzazi, yule ambaye sisi wa upande wa Tanzania tunamwita bibi au babu. Na bibi, kwa watu wa hapa, ni mke wa mtu. Darasa zima la pili lilikuwa limeshaielewa sentensi ile bila shida yoyote, na lilikuwa limeielewa vibaya. Kuna mtoto anaishi kwa kambo yake. Ajabu iko wapi? Wa namna hiyo walikuwa wanajaza madawati mawili mlemle ndani.

Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha lisilo na kioo, nikingoja asahihishe. Mimi ningesahihisha. Nilifundisha miaka minne Kigoma kabla sijaikimbilia kalamu, na ninajua mkono wangu ungefanya nini: mstari chini ya neno, alama ya sawasawa, maana, watoto wananakili, tunaendelea. Yeye aliisoma sentensi kwa sauti, akairudia, kisha akaandika ya pili.

Mama wa kambo alikuwa kijana, hakuwa na mvi hata moja.

Minong'ono ikaanza. Kambo gani huyo? Mvulana wa dawati la tatu akajitolea kumtetea bibi wa watu: "Anatiyaka dawa ku nywele!" Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka, kisha akasema inawezekana. Hakumwambia amekosa, kwa sababu kwa maneno yaliyokuwa ubaoni hadi dakika ile mtoto hakuwa amekosa. Wako vikongwe wanaopaka nywele rangi. Mvulana alikuwa amefanya kazi halali ya msomaji: kupatanisha kipya na anachokijua.

Ya tatu ikafuata. Alikuja nyumbani siku ya harusi, mwaka mmoja baada ya mama mzazi kufariki.

Akaweka chaki chini. Nje lori lilipita kuelekea Kolwezi, likapunguza gia, likapotea, na bado alikuwa amenyamaza. Kimya kile mimi nisingekiweza. Msichana mmoja mwenye kola iliyoshonwa upya kwa uzi mweusi alikuwa anasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akasema polepole, kama anayeogopa kumvunjia mtu heshima: "Haina kambo. Njo bibi mupya ya baba."

"Umejua namna gani?"

"Juu alikuja siku ya ndoa. Kambo anakuwaka tangu zamani."

Jibu hilo la pili ndilo mwalimu alilokuwa analitafuta tangu asubuhi. La kwanza mtoto angeweza kulibahatisha.

Tulipotoka mapumziko nilimwuliza kuhusu ile sentensi ya tatu, akaniambia ilimlia jioni nzima. Mwanzoni alikuwa ameandika kwamba mama wa kambo alimnyima mtoto chakula na kumpiga kwa mwiko. Njia ya mkato: kambo hapigi kwa mwiko, basi huyu si kambo. Wangeipata papo hapo. Lakini darasani mwake wamo wanaolelewa na mama wa kambo, na hakutaka warudi nyumbani na neno jipya lililokwisha kuoza. Akafuta. Ikambidi atafute dalili isiyomtukana mtu, na zilizobaki zilikuwa za kalenda: kifo, mwaka mmoja, harusi. Zinahitaji kupangwa na mtoto mwenyewe kichwani, na huyo mtoto ana miaka 7. Kwa hiyo akazifupisha, akazipima kwa kuzisoma mbele ya mwanawe mdogo kwenye taa ya betri, akazifupisha tena.

Nimekutana na waandishi wa vitabu wasiojisumbua kiasi hicho.

Mwaka 1983 Wamarekani watatu, Isabel Beck, Margaret McKeown na Ellen McCaslin, waliandika makala kuhusu imani iliyozoeleka shuleni kwamba ukimwachia mtoto hadithi, hadithi yenyewe itamfundisha maneno. Walionyesha kwamba miktadha si ndugu wa baba mmoja. Upo unaomshika msomaji mkono hadi mlangoni, upo unaomwonyesha mtaa tu, upo usiosema kitu, na upo unaompeleka nyumba ya jirani. Mwandishi wa hadithi hana kosa. Yeye anasimulia, hana habari na somo la msamiati la mtu mwingine. Mwalimu wa Likasi hakuwahi kusikia majina hayo, lakini sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya aina ile ya nne, na aliichagua kwa makusudi. Aliwapeleka watoto nyumba ya jirani, akawaacha wabishe hodi, wakae, wazoee, ndipo akawaonyesha kwamba picha zilizoko ukutani si za ukoo wao.

Kwa nini ajipe taabu hiyo? Hapo lazima nizungumzie mji.

Kiswahili kilifika Katanga kabla ya reli. Msiri, aliyetawala akiwa Bunkeya hadi alipouawa Desemba 1891, asili yake ilikuwa Unyamwezi, na misafara ya biashara iliyomzunguka ilikuja na maneno yake. Lakini kilichokifanya Kiswahili kiwe lugha ya miji ya huku ni shaba. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi, ikawapanga kambini. Likasi, ambayo Wabelgiji waliiita Jadotville, ikawa mji wa watu wasiokuwa na lugha moja waliosimama mbele ya tanuri moja. Hakuna aliyepewa kamusi. Neno lilitamkwa, koleo likanyooshwa, ukaelewa. Mababu wa watoto hawa walijifunza kwa muktadha mtupu, na ukiusoma vibaya ulikuwa unaweza kukuondolea kidole.

Upande wa mashariki, Kiswahili cha vitabu kilikuwa kinapangwa mezani. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na msingi walioukubali ni Kiunguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti pale. Matokeo yake yako mpaka leo kwenye daftari la mtoto wa Likasi. Nyumbani anasema kitabu yangu, kitabu kinamwambia kitabu changu. Nyumbani anakula bukari, kitabuni watu wanakula ugali. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 imezipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia, kwa hiyo mtoto huyu anaanza kusoma kwa lugha inayoitwa yake. Anaijua kama mtu anavyomjua binamu wa mbali: sura ileile, mazoea mengine.

Neno geni kabisa halimsumbui sana mwalimu. Mtoto wa Likasi akikutana na jahazi, anasimama. Anajua kwamba hajui. Hatari iko kwenye maneno yanayokuja yamevaa nguo za nyumbani, kwa sababu hayo yanapita bila kuulizwa kitambulisho.

Chukua kinga. Ukutani mwa darasa lile lilikuwapo bango la afya lenye msemo ambao kila zahanati ya Afrika Mashariki inao: Kinga ni bora kuliko tiba. Mimi nililipita bila kulitazama. Asubuhi yangu ya pili mwalimu aliwauliza watoto bango linasemaje, wakalisoma kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba. Akauliza maana. Kinga, kwa Kiswahili cha huku, ni baiskeli. Basi baiskeli ni bora kuliko tiba. Na tiba ni nini? Hapo walikuwa hawana msaada mwingine isipokuwa akili, na akili ikafanya kazi yake bila kosa: kitu ambacho baiskeli inakishinda.

"Tiba njo kutembea na miguu," akasema mmoja.

Nilijaribu kuitafutia hoja hiyo ufa, sikuupata. Mtoto alikuwa amelifasiri neno asilolijua kwa kutumia neno analolijua, kwa njia ileile tunayowasihi watoto waitumie. Kilichoharibika kilikuwa msingi, nyumba yenyewe ilisimama wima.

Na hapa nikaona upande mwingine wa ufundi wake, ambao mtu mwenye shauku ya nadharia huusahau: hakung'ang'ania muktadha pasipokuwa na muktadha. Bango lina maneno manne tu yaliyozunguka kiini cha msemo, halina nyama ya kumshibisha mtu. Akaliacha. Ilikuwa Januari, mvua imeshika, na bati moja upande wa mlango lilikuwa na tundu. Akachukua beseni la plastiki, akalitega chini ya matone. "Ninakinga maji." Akatoka nje hatua mbili na daftari kichwani, akarudi mabega yamelowa. "Ninajikinga na mvua." Akamwita mtoto, akajifanya anamrushia kipande cha chaki usoni, mtoto akainua viganja haraka. "Amefanya nini?" Amejikinga, wakasema wengi. Sabuni inatukinga na nini? Chandarua je? Tulipolirudia bango, kinga ilikuwa imeshageuka, na tiba ikaanguka yenyewe kama embe lililoiva, bila mtu kulirushia jiwe.

Baiskeli hakuifukuza. Aliichora ubaoni, ndogo, na magurudumu yasiyolingana, akaandika chini yake kinga. Akachora beseni na matone, akaandika kinga. Nimeona shule ambako neno la nyumbani linafutwa kama uchafu, na mtoto anajifunza kwanza kuona haya kabla hajajifunza maana. Pale yalikaa mawili ubaoni hadi kengele ya mwisho.

Kuna jambo ambalo Kiswahili kinampa mwalimu bure, na ambalo vitabu vingi vya ualimu, kwa kuwa viliandikwa kwa lugha nyingine, havilitaji: neno la Kiswahili linatangaza jamaa zake katika sentensi nzima. Alikuwa na mfano mmoja wa hili. Dobi aliianika kanzu, akasubiri jua. Watoto hawakumjua dobi. Mmoja akasema ni kamba, na kwa kweli kamba na kuanika na jua vinakaa pamoja vizuri. Mwalimu hakusema hapana. Alizungushia herufi moja tu, ile a ya mwanzo wa aliianika, akarudi kusimama kando.

Mtu wa pwani angesema watoto wa Katanga hawana ngeli. Ni kweli wamezipunguza. Vitu vingi vinapitia mlango mmoja wa i. Lakini hata Kiswahili hicho kilichofupishwa hakijawahi kumchanganya mtu na kitu. Kamba inaanguka, mtu anaanguka. Walipoiona ile a wakajua kabla ya kujua kwamba wanajua. "Ni mutu!" Mtu gani? Mtu wa kufula manguo. Muda wote huo haukuzidi dakika mbili, na mwalimu alikuwa ametamka maneno yasiyofika kumi.

Ile "hakuwa na mvi" nayo ilikuwa na ujanja wake, kwa sababu kukanusha ni dalili yenye nguvu kwa mtoto. Susan Carey na Elsa Bartlett walilionyesha hilo katika jaribio waliloliandikia mwaka 1978. Watoto wa miaka 3 na 4 waliombwa walete sinia ya rangi ya "chromium", si ile ya buluu. Hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo kama rangi. Kulikuwa na sinia mbili, moja ya buluu na nyingine ya kijani cha zeituni. Wakaleta ya pili, na baadhi yao wiki moja baadaye walikuwa bado na fununu ya neno lile baada ya kulisikia mara moja tu. Mtoto wa Likasi, mji wa shaba na kobalti, akiambiwa rangi ina jina la madini pengine angeuliza kwanza inauzwaje kwa tani.

Fununu, lakini, haijawa maarifa. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Swanborn na de Glopper, waliyakusanya majaribio 20 ya aina hii na kukuta kwamba mwanafunzi anayesoma tu, bila kufundishwa maneno, huondoka na kiasi cha maneno 15 katika kila 100 asiyoyajua. Nilimtajia mwalimu hesabu hiyo nikidhani itamvunja moyo. Alifikiri kidogo.

"Kwa kusoma mara ngapi?" akauliza.

Ni swali la fundi. Yeye hafundishi maneno 100. Anafundisha moja kwa somo, mawili akijisikia mkarimu, na lile moja halimtoki mikononi. Linarudi Alhamisi katika sentensi nyingine, linarudi wiki inayofuata bila taarifa. Alhamisi ile nilikuwapo, na aliandika ubaoni, uso mkavu kabisa: Baba wa kambo alimfundisha mtoto kupanda kinga. Maneno mawili, moja la kitabu na moja la nyumbani, yamebanwa katika mstari mmoja, na hakuna kitabu kilichochapishwa ambacho kingekubali sentensi hiyo. Watoto walipiga meza kwa furaha. Walijua ni mume mpya wa mama, na walijua ni baiskeli, na walijua kwamba wamechezewa.

Kitu kimoja sikukielewa hadi siku ya mwisho, nacho ni kwa nini kila sentensi aliisoma kwa sauti mara mbili kabla hajamruhusu mtoto kuigusa. Nilidhani ni mazoea, labda uhaba wa vitabu. Kisha nikakumbuka maandishi ya mwaka 1965 kutoka Lubumbashi, yaliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha huko na kuitwa Vocabulaire, ingawa si orodha ya maneno hata kidogo, ni historia ya mji kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani. Maneno yake yameunganishwa na kukatwa popote mkono ulipochoka. Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka 1990, alihitaji Kalundi Mango, mtu wa lugha ile, ayasome kwa sauti ndipo maana ikatoka. Sauti inajua neno linaishia wapi. Mwalimu, nilipomweleza hayo, alisema tu kwamba mtoto akilisikia neno kwanza halimtishi akilikuta.

Katika darasa la sita mtihani wa taifa utawasubiri kwa Kifaransa. Huko hakutakuwa na a ya kuzungushia duara, wala binamu wa mbali wa kufanana naye.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimemwomba mwalimu zile sentensi zake, za mama wa kambo na nyinginezo, kwa mkono wake. Akasema atazituma. Nilikuwa getini natafuta pikipiki ya kunipeleka stendi, pale msichana wa kola yenye uzi mweusi alipokuja mbio, akasimama mbele yangu akihema.

"Mesye, Madamu anasema nikupatie mukanda."

Nikajigusa kiunoni. Mkanda wangu ulikuwapo. Nikamtazama, nikatazama begi langu, kamba zake zote zilikuwa zimefungwa. Alikuwa ameficha mkono mmoja nyuma. Aliona kabisa kwamba sijaelewa, akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia, akaufunga. Kisha akasema, polepole zaidi: "Mukanda. Aliuandika jana usiku."

Akasubiri.